Mkanda Juu ya Shina Lisilokatwa

Mwaka wa sabini na mbili nilikuwa na miaka tisa. Hapo ndipo taabu yangu ilipoanza, na sitaieleza kwa urefu, maana walioiona wanaijua na wasioiona hawataiamini. Baba yangu alichukuliwa na askari asubuhi shambani kwake Gishubi, jembe likiwa bado mkononi. Hakurudi. Mama alinifunga kitenge kifuani kwa sababu nilikuwa nakohoa, akanishika mkono, tukashika njia ya Tanzania. Kaka yangu, aliyenizidi miaka mitano, siku hiyo alikuwa kwa bibi yetu, mlima wa pili. Hatukuweza kumpitia. Mama alisema atatufuata baadaye. Hiyo baadaye ilikula miaka thelathini na zaidi, na mama hakuiona. Amelala huko huko Tanzania, kwenye makazi ya wakimbizi, chini ya mwembe nilioupanda mwenyewe.

Shule nilifika darasa la tatu. Herufi zangu ni kubwa kama za mtoto, lakini ni zangu, sikuziazima kwa mtu. Kila nilicho nacho nimekitoa kwenye mikono hii. Nasema hivyo mapema ili msomaji asije akanionea huruma.

Kazi yangu ni kubebesha miti. Nilijifunza kwa mkulima mmoja Mtanzania aliyekuwa na bustani ya maembe na machungwa. Unaotesha mbegu, mche unakua mpaka unene wa kalamu, unaukata kichwa. Halafu unapasua kile kisiki katikati. Kisha unachukua kikonyo, yaani kijiti kutoka kwenye mti unaozaa vizuri, unakichonga chini kama kabari, unakiingiza kwenye ule mpasuko. Ganda la ndani la kijani liguse ganda la ndani la kijani. Unafunga mkanda wa nailoni, unakaza, unangoja. Ukikosea unene wa ukucha, kikonyo kinakauka. Ukipatia, baada ya wiki chache kinachipua, na mti ambao ungekuchelewesha miaka minane unazaa kwa mitatu. Parachichi nimebebesha maelfu. Nikitembea mkoa mzima wa Muyinga naweza kukuonyesha miti yangu kwa kovu lake tu, pale chini kwenye shina.

Nilikuwa na miaka kama ishirini nilipookoka. Nilibatizwa mtoni, maji ya baridi, mhubiri akanishika shingo akaniambia, "Kuanzia leo wewe na Kristo ni kitu kimoja. Alipokufa ulikufa naye, alipofufuka ulifufuka naye." Nikajibu amina kwa sauti kubwa kuliko wenzangu. Leo nasema ukweli: nililipokea neno lile kama mkimbizi anavyopokea kadi. Unaiweka mfukoni, unajua ukiulizwa utaionyesha.

Amani iliporudi, watu wakaanza kuvuka kurudi nyumbani, nasi tukavuka. Nilikuwa na mke na watoto wanne. Tuliingilia Muyinga. Mke wangu ana mjomba Buhinyuza, nikamwacha hapo na watoto, nikaenda Gishubi peke yangu kumtafuta kaka.

Nilimkuta. Alikuwa mzee kabla ya wakati, kofia ya sufu, kahawa imepandwa mpaka mlangoni, kwenye shamba lote la baba. Nilimwambia mimi ni nani. Aliniangalia miguu, akapanda na macho mpaka usoni, akasema, "Ngoja tuwaite wakubwa wa mlima."

Kwetu mlima ndio kijiji, na mambo ya shamba hayasemwi na watu wawili. Wazee waamuzi, bashingantahe, walikaa mbele ya nyumba, na majirani nyuma yao, maana kesi ya mtu aliyerudi ni tamu kuliko harusi. Kaka alisimama, hakunitazama.

"Mdogo wangu alifia njiani mwaka ule," alisema. "Habari zilitufikia. Tulimlilia, bibi na mimi. Tulikaa matanga, tukanyoa nywele, tukaganduka. Wote mnajua, wazazi wenu walikuja wakanywa pombe ya kuganduka."

Kuganduka ni kuondoa matanga. Siku hiyo watu wananywa pamoja, jembe linarudi shambani, na maiti anahesabiwa kuwa amekwenda kabisa. Aliyegandukiwa haulizwi tena.

Mzee mmoja akanigeukia. "Wewe, una ushahidi gani?"

Nikasema nyumba ya baba ilitazama wapi, na jiwe la kusagia lilikaa upande gani, na ng'ombe mmoja alikuwa na pembe iliyovunjika.

"Hayo hata mpita njia angeyajua," kaka akasema.

Mama mmoja wa nyuma akatupa lake: "Na Kirundi chake sikilizeni, kinachechemea kama mbuzi aliyepigwa jiwe!" Watu wakacheka. Nilicheka na mimi kidogo, kwa aibu. Kisha mzee akauliza kama yupo mtu yeyote wa kunitambua, na hakuna aliyenyanyua mkono. Walionijua walikuwa wamekufa au walikuwa wamesimama pale wakitazama kahawa ya kaka, wasitake kumuudhi.

Nilijikung'uta vumbi suruali. Nikasema, "Basi kaeni na maiti wenu," nikaondoka. Sikugeuka nyuma mpaka barabara kubwa.

Nikajenga Buhinyuza. Sikupewa kitu. Kiwanja nilikipata kwa kulima mashamba ya wengine, matofali nikayafyatua mwenyewe, kitalu cha miche nikakianzisha kwenye bonde na mifuko niliyookota. Kanisani wakanifanya mzee wa kanisa. Mchungaji alipofundisha kwamba aliye ndani ya Kristo amekwisha kufa, na uhai wake umefichwa pamoja naye, nilikunja mikono nikasema moyoni: vizuri, Gishubi mimi ni marehemu, na kwa Bwana pia ni marehemu, basi sidaiwi salamu na mtu. Lilinifariji neno hilo, sitalikana. Lakini nililifanya ukuta.

Miche yangu ilipojulikana, nikaanza kuipeleka mpaka mji wa Gitega msimu wa mvua. Pale Musinzira kuna fundi cherehani, Mwislamu, ambaye baraza yake iko njiani. Aliniruhusu kupanga miche hapo, na vipande vyake vya nailoni vilivyobaki alinikatia mikanda. Tulitaniana sana. Yeye aliniita mlokole, mimi nilimwita shehe wa vifungo.

Msimu mmoja, nimekaa pale, nikaona kofia ya sufu inakuja. Kaka. Miaka ilikuwa imepita saba au minane. Nilijua amenitambua, kwa sababu mguu ulisita kabla ya ngazi. Kisha akasogea kama mnunuzi mwingine yeyote.

"Mzee, hujambo," akaniambia. Mzee! Mimi, ambaye yeye amenizidi miaka mitano. "Wanasema una parachichi za kubebesha, zile za miaka mitatu. Nataka kumi na sita. Kahawa yangu imechoka."

"Ninazo," nikasema. "Zunguka sokoni, urudi baada ya adhuhuri."

Alipopotea nyuma ya kona, niliinuka. Kwenye kitoroli nilikuwa na miche mingine, ya mbegu tu, haijaguswa na kisu, niliyokuja nayo kwa ajili ya kuibebesha pale pale kwa mteja mwingine. Nikaihesabu kumi na sita. Nikachukua mikanda, nikaifunga kwenye mashina mazima, pale pale kovu lingekuwa, nikakaza vizuri. Mtu asiyeijua kazi hawezi kuona. Angeipanda, angeingoja miaka mitatu, minne, mitano, akitazama juu bila tunda, na angezeeka chini yake.

Fundi aliacha cherehani.

"We mlokole, hiyo si ile bado hujakata?"

"Shona nguo zako."

"Mi nashona. Lakini hiyo mkanda imetoka kwangu. Sitaki mkanda yangu iseme uongo."

"Huyajui mambo yangu na mtu huyu."

"Ni sawa. Mi naenda kuswali. Kama nikirudi bado iko hapo, mi sijaona kitu. Lakini Mungu, voilà, yeye haendi kuswali, yeye iko hapa tu."

Fundi alipotoka msikitini, kaka alikuwa amekwisha kulipa, amepakia miche yake na kwenda. Fundi alitazama pale ilipokuwa imepangwa, akakaa, akaendelea na suruali ya mtu. Siku ile hakunitania tena.

Nilirudi Buhinyuza nikiwa na furaha, nikiri. Furaha ile ilidumu mpaka Jumapili. Nikasimama kuomba mbele ya watu, maneno yakatoka kama kawaida, lakini nilikuwa kama mtu anayepiga hodi kwenye nyumba anayojua haina mtu. Wiki zikapita, miezi ikapita. Sikumwambia mke wangu. Mke wangu ndiye aliyeniambia: "Unaimba kwa nguvu siku hizi. Una nini?"

Kisha likaja darasa la wanaotaka kubatizwa. Mchungaji alisafiri, akaniachia mimi niwafundishe juu ya kuungana na Kristo. Nikaona hapo ndipo pangu. Wasomi huzungumza, mimi ninaonyesha. Nikaja na mche kwenye mfuko, kikonyo, kisu na mkanda. Watu kumi hivi wamekaa kwenye benchi, mbele kabisa bibi mmoja mkulima, mjane, meno mawili, ambaye alikuwa amekataa ubatizo miaka yote kwa sababu alisema hataki kuahidi kitu asichokielewa.

Nikashika kikonyo. "Huyu ni wewe," nikasema. "Umekatwa kwenye mti wako wa zamani. Ukibaki hivi, kesho umekauka. Huna mizizi, huna maji." Nikashika mche. "Huyu ni Bwana. Ana mizizi." Nikakata kichwa cha mche, nikapasua shina. Utomvu ukatoka kidogo.

Bibi akainua mkono. "Ngoja, mzee wa kanisa. Huyu mwenye mizizi, amekosa nini?"

"Vipi?"

"Kijiti nimeelewa, lazima kikatwe. Lakini huyu alikuwa amesimama tu. Mbona na yeye unampasua?"

Nikageuza mche mkononi. Miaka thelathini na zaidi ya kazi, maelfu ya miti, na sijawahi kujiuliza. Nikamjibu nilivyojua kama fundi: "Bibi, nisipompasua, hakuna pa kuingilia. Jeraha linaungana na jeraha. Mti mzima haupokei kitu."

Bibi akasogea, akagusa ule mpasuko kwa kidole. "Basi alipasuliwa kwa ajili ya kijiti," akasema. "Hilo naelewa. Nibatizeni."

Wengine wakasema amina. Mimi sikufunga mkanda. Nikampa kijana mmoja wa darasa afunge. Niliona miche kumi na sita Gishubi. Mashina mazima, hayajakatwa, yamefungwa mkanda mzuri. Na nikajua si ile miche tu. Tangu mtoni, tangu ile amina yangu ya sauti kubwa, mimi ndivyo nilivyokuwa nimefungwa. Mzima. Mwenyewe. Mkanda wa kanisa juu, na chini yake hakuna kisu kilichopita. Nilitembea na jina la kuwa mmoja na Mtu aliyepasuliwa, na mimi sijakubali hata mkwaruzo.

Nilitoka nikaenda kitaluni nikapiga magoti kwenye tope. Sikuwa na maneno ya mzee wa kanisa. Nilisema tu, "Kata." Sitawadanganya kwamba niliona mwanga. Nilichopata ni utulivu, kama ule mtoto anaoupata akiisha kulia, mama yake akiwa bado amemshika. Nikajua kwamba hata kaka akinikataa tena mbele ya mlima mzima, nina mahali pa kukaa, na mahali hapo hapana kesi. Zamani neno hilo nililifanya ukuta. Siku ile lilinisukuma mlangoni.

Kesho yake nikakata vikonyo bora, nikavifunga kwa gunia bichi, nikachukua kisu, nikapanda gari la Gitega. Musinzira nikapita kwa fundi kuomba mikanda.

"Ya uongo ama ya kweli?" akauliza.

"Ya kweli."

"Ya kweli mi natoa bure." Akakata mingi kuliko niliyohitaji.

Kaka nilimkuta anapalilia ile miche. Alikuwa ameizungushia majani makavu kila mmoja, na mmoja ulioinama aliusimamishia mti. Ilimea vizuri, unene wa kidole. Hilo lilinichoma kuliko kama angeniita mbwa.

Nilimwambia nikiwa nimesimama, bila utangulizi. "Miche hii niliyokuuzia si ya kubebesha. Nilifunga mkanda bure. Nilitaka ungoje mpaka ufe. Nimekuja kuibebesha, na sitaki chochote, wala sikuja kwa ajili ya shamba."

Akaacha jembe. Akachuchumaa kwenye mche wa karibu, akafungua mkanda, akapitisha kidole gumba pale chini. Laini. Akaenda wa pili. Laini. Akafika wa tano kabla hajasema.

"Umetoka Muyinga kote huko," akasema, "kuja kuniambia kwamba wewe ni mwizi?"

"Ndiyo."

"Na mimi nilikuwa nawasifia watu. Nawaambia, yule wa parachichi ana mikono." Sauti ilipanda. "Mjinga wewe! Mwongo! Mwongo tangu mdogo! Ulimwaga maziwa ya baba ukasema ni paka. Paka! Nyumba ile haikuwahi kuwa na paka!"

Akaziba mdomo kwa mkono. Neno la ndugu lilikuwa limekwisha toka. Kuku mmoja alipita katikati yetu.

Ni kweli, maziwa nilimwaga. Nilikuwa na miaka sita au saba. Kaka ndiye aliyepigwa, kwa sababu ndiye aliyekuwa ameachiwa kibuyu.

Akakaa chini, palepale kwenye majani makavu, kofia akaivua. Nywele zilikuwa nyeupe. "Nilikujua siku ile ile," akasema. "Kabla hujafungua mdomo. Ulivyosimama na mkono mmoja nyuma, kama baba. Nina watoto saba. Nikaona shamba linagawanyika. Nikakuzika mara ya pili, safari hii nikikuona."

Nikafungua gunia. Nikatoa kisu, nikakifuta kwa kitambaa, nikampa kikonyo ashike. "Usiguse pale palipochongwa," nikamwambia. "Jasho linaua."

Tukafanya kazi. Mimi nakata, yeye anashikilia, mimi nafunga. Mche wa kwanza nilipoukata kichwa, akashika mkono wangu, "Polepole, umeniumiza." Alisema hivyo kama ni yeye. Tulipomaliza kumi na sita jua lilikuwa bado juu. Mke wake akaleta mtungi wenye mirija miwili. Kaka akacheka kwa mara ya kwanza.

"Usiogope, mlokole. Ni mutobe, maji ya ndizi tu, hayajachacha. Nakunywa mimi kwanza uone sijakuwekea kitu." Akanywa, akanisogezea. Tukanywa pamoja, vichwa vinakaribia kugusana, hakuna aliyesema neno la dini.

Jumapili iliyofuata aliwaita wale wazee na majirani. Akasema mbele yao, "Yule tuliyemgandukia ni huyu. Nilidanganya." Yule mama wa mbuzi anayechechemea alikuwepo, mzee sasa, akapaza sauti: "Na ile pombe tuliyokunywa ya kuganduka, tuirudishe?" Watu wakacheka, na safari hii nilicheka nao mpaka machozi. Kaka alinipimia kipande upande wa chini, penye mistari miwili ya parachichi. Nilikipokea kwa mikono miwili. Vikonyo viwili kati ya kumi na sita vilikauka. Nilivirudia msimu uliofuata.

Wengine wakiandika mali zao huanza na Kristo. Mimi simwandiki humu, kwa sababu simmiliki. Mimi ndiye niliye kwenye mali yake. Nilivyo navyo leo ni hivi: nyumba moja ya matofali Buhinyuza, vyumba vinne, bati halivuji. Kitalu cha miche bondeni. Mbuzi watatu. Baiskeli moja, breki ya nyuma mbovu. Kisu cha kubebeshea kilichonolewa mpaka kimebaki nusu. Mke mmoja, watoto wanne, wajukuu tisa. Rafiki mmoja fundi cherehani Musinzira. Kaka mmoja, yu hai, mkaidi. Mistari miwili ya parachichi Gishubi, inazaa. Na mahali pa kuzikwa ninapo pawili, Buhinyuza na Gishubi. Sijachagua.